Mchwa wamekula rafu ya chini: tupulize dawa, tufungie vitabu kabatini, au tuache kuazimisha?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Najitolea kwenye maktaba ndogo ya jamii katika kata moja ya Wilaya ya Chamwino. Chumba chetu zamani kilikuwa stoo ya mazao, kiko ubavuni mwa ofisi ya kata. Tuna vitabu kama 1,800, vingi ni vya msaada. Mvua zilipokatika tulianza usafi, tukakuta rafu ya chini yote ya upande wa ukutani imeliwa na mchwa. Kitabu unakiona kizima, ukikivuta unabaki na udongo mkononi. Rafu za juu kuna vitabu vyenye madoa ya kahawia na harufu ya uvundo. Kamati imekaa na mawazo ni matatu. Kuna wanaotaka tupulize dawa ya mchwa chumba kizima, na vitabu humohumo. Kuna wanaotaka tununue makabati ya chuma tuvifungie, mtu asome palepale akiangaliwa, kuazima nyumbani kusimame. Mzee mmoja anasema tuvianike juani siku tatu kisha tupake majalada mafuta ya taa. Tunatarajia kufungua upya mwezi wa nane, na kuna maboksi ya vitabu yanakuja kutoka Dar es Salaam. Tulikuwa pia na madaftari ya masimulizi ya wazee, kwa Kigogo na Kiswahili, moja limeguswa. Tuanzie wapi?"

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Najua kamati inasubiri, kwa hiyo natanguliza uamuzi wangu: msipulize dawa kwenye vitabu, msipake mafuta ya taa, na kuazimisha kusisimame. Fedha kidogo mliyonayo iende kwenye ukuta, paa na sakafu kabla ya kwenda kwenye kabati. Sasa nieleze sababu, maana kamati haitaridhika na "mtaalamu kasema."

Kwanza tuondoe dhana moja. Mchwa waliokula vitabu vyenu hawaishi kwenye vitabu, wala hawakuletwa na vitabu vya msaada, jambo ambalo nahisi baadhi yenu mmeshaanza kulinong'ona. Ule udongo uliobaki mkononi ndio ushahidi. Hao ni mchwa wa ardhini: malkia, mayai na watoto wao wako chini ya udongo, pengine mita nyingi kutoka hapo maktaba, na walioingia rafuni ni wafanyakazi waliotumwa kutafuta chakula. Chakula chenyewe ni selulosi, ile nyuzinyuzi inayojenga mmea. Iko kwenye mbao, kwenye mabua ya mtama na uwele, na iko kwenye karatasi, kwa sababu karatasi ni mti uliosagwa. Mchwa hatofautishi kitabu cha hisabati na bua.

Mchwa mfanyakazi ana mwili laini na ngozi nyembamba. Mwache wazi kwenye hewa kavu ya Dodoma, hamalizi siku. Anakauka na kufa. Ndiyo maana hatembei nje. Anajenga kijia cha udongo, anaugandisha kwa mate na kinyesi chake, kisha anapita ndani yake akiwa kwenye giza na unyevu alioutoa nyumbani kwao. Ndiyo maana pia anakula kitabu kwa ndani na kuacha jalada: jalada ndilo paa lake. Wale wanaojenga vichuguu vikubwa mnavyoviona mashambani hata hawayeyushi selulosi hiyo wenyewe. Wanaipeleka kichuguuni, wanaoteshea kuvu juu yake, na kuvu ndiyo inayoilainisha ikawa chakula. Uyoga mnaouchuma kwenye vichuguu mvua zinapoanza ni zao la kuvu hiyohiyo. Kwa hiyo kama waliowaingilia ni wa aina hiyo, baadhi ya vitabu vyenu vya msaada vimekwisha kuwa mbolea ya shamba la watu wengine, na ninaomba radhi kwa kulitania jambo zito.

Mkishalielewa hilo, mtaona kwa nini kupuliza dawa rafuni hakusaidii. Mtawaua waliokuwa kazini siku hiyo. Malkia hajaguswa, njia bado ipo, na msimu ujao wengine watapita palepale. Mtabaki na hasara ya pili: sumu juu ya karatasi. Dawa nyingi za wadudu huacha mabaki yanayodumu muda mrefu mahali pasipo na jua wala mvua, na katikati ya kurasa hakuna jua wala mvua. Wasomaji wenu wengi ni watoto, na mtoto hufunua ukurasa kwa kidole alicholamba. Mimi sihitaji hoja nyingine zaidi ya hiyo.

Mafuta ya taa nayo yana lake. Yanaua mdudu yanayemgusa, yanaruka hewani, yanaacha doa na harufu, na chumba chenye vitabu 1,800 vilivyofungiwa pamoja na mafuta ya taa kinasubiri njiti moja tu. Kuna watakaowashauri vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyowekwa kwenye nguo kabatini. Navyo muviache. Mvuke wake si salama kwa mtu anayekaa chumbani kutwa, na kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana kwa wingi katika maeneo yenye malaria kama yetu, unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Majivu husaidia kidogo yakiwa makavu, yakilowa basi. Mwarobaini una kemikali inayomkatisha mdudu hamu ya kula, hilo ni kweli na limechunguzwa, lakini majani makavu yaliyochomekwa katikati ya kurasa hayana nguvu ya kuzuia kundi zima la mchwa, na yanaacha madoa. Oili chafu iacheni kwenye nguzo za uzio.

Turudi kwenye ukuta. Kwa nini rafu ya chini, na kwa nini upande wa ukutani? Kwa sababu hapo kitabu kimegusa ubao, ubao umegusa ukuta, na ukuta umegusa ardhi. Ninyi wenyewe mliwajengea daraja. Stoo za mazao za zamani nyingi zina sakafu nyembamba isiyo na kitu cha kuzuia unyevu kupanda, na pale ukuta unapokutana na sakafu huwa pana ufa ambao jicho halioni lakini mchwa anapita bila kuinama. Dodoma hupata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Kama paa lenu halina mifereji, maji yote ya bati yanadondoka kwenye mguu wa ukuta kwa miezi hiyo mitano, udongo wa pale unalowa, na ukuta unayanyonya. Kwa mchwa hiyo ni barabara iliyopigwa maji isitimue vumbi.

Kazi ianzie hapo. Toeni vitabu vyote kwenye ukuta huo, lakini msikimbilie kukwangua vijia vya udongo. Vipigeni picha kwanza, kisha vifuateni kwa macho vinakoelekea: chini kwenye ufa, juu kwenye kenchi, au kwenye fremu ya mlango. Mkishajua mlango wao, vunjeni kipande kifupi cha kijia, kama upana wa vidole vitatu, mkiache kilichobaki. Rudini baada ya siku chache. Kama pale palipovunjwa pameshazibwa kwa udongo mbichi, bado wako kazini. Kama pako wazi na pakavu wiki nzima, mnaweza kuwa mmekutana na njia iliyokwisha kuachwa. Jaribio hili halina gharama, na litawapa jibu ambalo mpuliza dawa hatawapa bure.

Baada ya hapo kwangueni vyote, zibeni nyufa kwa saruji, na tokeni nje. Nina wasiwasi kwamba huko nje kuna tofali zilizobaki, kuni, mabua au meza mbovu ya ofisi vimeegemezwa ukutani. Ondoeni. Acheni ukanda mtupu kuzunguka chumba, upana wa hatua moja, usio na takataka wala bustani ya maua inayomwagiliwa. Inamisheni udongo ili maji yaondoke ukutani badala ya kuelekea ukutani. Mkipata fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu, iwe mfereji wa bati na bomba la kushushia maji mbali na msingi. Diwani akiuliza mbona maktaba inaomba mfereji badala ya vitabu, mwonyesheni picha.

Ndani, sogezeni rafu zikae mbali na ukuta, nafasi ya kiganja kupita na tochi. Ubao wa chini kabisa usipungue sentimita 15 kutoka sakafuni. Chini ya kila mguu wekeni kipande cha bati kilichopana kuliko mguu wenyewe, kingo zake zikiwa zimekunjwa kuelekea chini. Bati hilo halimzuii mchwa; linamlazimisha kujenga kijia chake nje, mahali ambapo mwenye ufagio atakiona asubuhi. Kuhusu mbao, paini isiyotiwa dawa ni karamu. Mninga na mkongo vinastahimili zaidi, ila bei yake mnaijua. Mbao ya paini iliyotiwa dawa kiwandani, au rafu za chuma, zinatosha.

Je, sumu haina nafasi kabisa? Ina nafasi moja: ardhini. Mtu aliyefunzwa anaweza kutia dawa kwenye udongo wa kuzunguka msingi, au kupitia matundu yanayotobolewa sakafuni, vitabu vikiwa vimetolewa na chumba kikiachwa wazi kwa siku kadhaa. Dawa nyingi za kazi hiyo siku hizi zina fipronil au imidacloprid. Hakikisheni chombo kina lebo na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Ukiona dawa imeletwa ndani ya chupa ya soda na muuzaji anasema "hii ni ile kali ya zamani," mrudishe na chupa yake. Zile kali za zamani kama dieldrin ziliwekwa kwenye Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu hukaa kwenye udongo miaka mingi na hujikusanya mwilini.

Sasa yale madoa na uvundo wa rafu za juu. Hilo ni tatizo jingine, ingawa baba yao ni mmoja, maji. Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, hata kwenye chumba kisafi. Hazioti mpaka zipate unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 au 70 kwa muda, zinaamka, na karatasi iliyolowa kabisa inaweza kuanza kuota ndani ya siku mbili au tatu. Tafuteni tundu la msumari kwenye bati juu ya rafu hizo. Karibu kila mara lipo.

Bahati yenu ni msimu. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma ni mkavu kiasi kwamba kuvu hulala yenyewe. Inayolala huwa kama unga mkavu unaofutika kwa brashi. Iliyo hai inateleza au inapakaa. Ile hai ikausheni kwanza. Kisha toeni vitabu nje kivulini, simameni upepo ukiwapiga mgongoni, vaeni barakoa na glovu, mpanguse kwa brashi laini ya rangi, jalada likiwa limefungwa, kuanzia kwenye mgongo wa kitabu kwenda nje. Msitumie kitambaa kibichi. Msitumie jiki, inakula karatasi polepole, na kitabu kitakachoonekana cheupe leo kitakatika mwakani. Mwenye pumu na mama mjamzito wapewe kazi ya kuandika orodha, mbali kidogo.

Mzee wenu aliyesema vianikwe hakukosea kabisa, na naomba mumwambie hivyo. Kukausha ni sahihi, jua ndilo lisilo sahihi. Jua la saa sita linachujua wino, linakunja majalada na kulainisha gundi ya mgongo mpaka kurasa zinatoka moja moja. Karatasi rahisi, kama ya magazeti na ya vitabu vingi vya kiada vya zamani, ina lignini, kitu cha asili cha mti ambacho mwanga hukigeuza njano na kukifanya kivunjike. Kivuli chenye upepo kinafanya kazi ileile bila hasara hiyo. Simamisheni vitabu wima, kurasa zikiwa zimefunguka kidogo, chini ya mwembe au kibarazani.

Kabla hamjawalaumu mchwa kwa kila kitu, angalieni pia uharibifu wenyewe ulivyo. Vitundu vidogo vya duara vinavyopenya kurasa nyingi kwa mpigo, pamoja na unga laini, ni kazi ya mabuu ya vijidudu ndugu wa dumuzi wa mahindi, na kwa chumba kilichokuwa stoo ya mazao nisingeshangaa. Karatasi iliyoparuliwa juujuu, hasa penye gundi na lebo, ni mdudu mwembamba wa rangi ya fedha anayependa wanga. Kingo zilizotafunwa na vinyesi kama punje za mchele mweusi ni panya, na hapo tafuteni paka.

Kwa vile vyenye vitundu na unga kuna njia isiyo na sumu: friza. Kifungeni kitabu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toeni hewa, kiwekeni kwenye friza inayogandisha vizuri, nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Mkikitoa, msifungue mfuko mpaka siku ya pili, la sivyo kitatokwa jasho. Umeme ukikatika mpaka barafu ikayeyuka, mnaanza kuhesabu upya. Mwenye duka la soda na samaki anaweza kuwasaidia, mkimweleza kwamba mfuko umezibwa na hautanuka.

Nimeliacha kabati la chuma mpaka sasa kwa sababu ndilo wazo ambalo nadhani lina wafuasi wengi. Linaonekana la busara: chuma hakiliwi, kufuli linafunga, kikao kimekwisha. Lakini kabati la chuma lisilo na matundu, ndani ya chumba cha bati, ni sufuria ya wali iliyofunikwa. Mchana hewa ya ndani inapata moto na kuvuta unyevu ulioko kwenye karatasi. Usiku chuma kinapoa, unyevu unaganda kuwa matone, na matone yanarudi kwenye vitabu. Kiangazi hamtaona kitu. Februari mtafungua mkute ndevu za kuvu. Mchwa naye hana shida na chuma. Anajenga kijia juu yake kama anavyojenga ukutani, anaingia kwenye uwazi wa nyuma, na safari hii hakuna atakayemwona kwa sababu funguo anazo mtu mmoja na amesafiri.

Hapo ndipo ninapotaka kamati ikae kidogo. Jiulizeni: rafu iliyoliwa ilikuwa na vitabu gani? Sijafika kwenu, ila niko tayari kukisia. Ni ensaiklopidia za miaka mingi, ripoti, na vitabu vya kiada vya nchi nyingine ambavyo hakuna aliyeviomba. Riwaya za Kiswahili, vitabu vya kidato cha nne vyenye maswali na majibu, na hadithi za watoto, vyote mtakuta vimechakaa majalada lakini havijaguswa na mchwa. Sababu yake si muujiza. Mchwa anahitaji giza na utulivu wa wiki nyingi. Kitabu kinachotoka na kurudi kinafunguliwa, kinatikiswa, kinapata hewa, na mahali pake rafuni panaonekana. Kijia kilichoanza Jumatatu kinagunduliwa Jumatano na mtoto wa darasa la tano anayetafuta hadithi. Kuazimisha ndiyo ulinzi wa bei rahisi kuliko wote mlionao, na ndicho mnachotaka kukisimamisha.

Sisemi kwamba kuazimisha hakuna hasara. Vitabu vingine havitarudi. Kimoja kitamwagiwa chai, kingine mbuzi atakitafuna. Hiyo ni hasara mnayoweza kuihesabu kwenye rejista, na mara nyingi kitabu kilichopotea kinasomwa nyumba ya tatu. Kama mna hofu, wekeni utaratibu mdogo: kadi yenye jina la mzazi na balozi wa mtaa, vitabu viwili kwa mtu, wiki mbili. Faini msiitegemee. Faini ya shilingi mia tano humfanya mtoto akae na kitabu moja kwa moja kwa kuogopa kurudi. Maktaba za vijijini za miaka ya 1970, zilizokuja na kampeni ya elimu ya watu wazima, ziliwekwa ili aliyejua kusoma karibuni asisahau, na kwa hilo kitabu lazima kifike mkononi mwake na nyumbani kwake. Vijiji havijabadilika kiasi hicho. Mkulima wa Chamwino hawezi kukaa chumbani kwenu kwa muda wa saa tatu akiangaliwa wakati zabibu zinamsubiri.

Kabati moja dogo lenye matundu ya hewa nunueni, kama fedha ipo. Liwe la rejista, mihuri na yale madaftari.

Na madaftari, kwa kweli, ndiyo yangetakiwa kuwa ya kwanza kwenye barua yenu. Kitabu cha fizikia kilicholiwa mtakipata kingine. Masimulizi ya mzee kwa Kigogo cha kwake hayako popote duniani isipokuwa kwenye daftari hilo na kichwani mwake. Lililoguswa na mchwa acheni likauke kivulini kabla ya kugusa udongo. Ukiwa mkavu utatoka kwa brashi, ukiwa mbichi utaondoka na maandishi. Kurasa zilizogandana msizivute. Kisha pigeni picha kila ukurasa kwa simu, kwenye mwanga wa kivulini bila flashi, kwa mpangilio wa namba, hata kurasa zilizo nzima na hata madaftari yasiyoguswa. Hifadhini nakala sehemu mbili ambazo haziwezi kuungua siku moja. Penye matundu, kama msimulizi yu hai, nendeni mkamsomee na ayajaze mwenyewe. Mrekodini sauti hapohapo. Chuo Kikuu cha Dodoma kina wasomi wa lugha na historia ambao kazi hiyo inawahusu, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo Dodoma. Waandikieni kupitia ofisi ya kata ili barua iwe na mhuri.

Kuchagua cha kuokoa kutawauma. Vitabu vilivyoliwa katikati na vilivyoota kuvu mpaka ndani viondoeni. Msivipeleke shule ya jirani kama msaada, na msivirundike kwenye viroba nyuma ya mlango "mpaka tutakapoamua". Hicho kirundo ndicho kitakachowarudishia mchwa. Andikeni orodha, kamati ipitishe kwenye muhtasari, na kama kuna vyenye mhuri wa halmashauri au shule, ulizeni utaratibu kabla ya kuviteketeza. Tumieni nafasi hiyo kutoa hata vizima ambavyo havijawahi kuazimwa. Ningependa mfungue mwezi wa nane na vitabu 700 vinavyosomwa, vyenye nafasi ya hewa kati yake, kuliko 1,800 vilivyobanana.

Maboksi yakifika kutoka Dar es Salaam, yapokeleeni kibarazani. Yasilale sakafuni hata usiku mmoja. Boksi lenyewe ni selulosi yenye gundi. Fungueni, kagueni kila kitabu mgongo na katikati, vyenye unga au uvundo vitengeni, kisha maboksi yaondoke siku hiyohiyo. Mna haki pia ya kumwandikia mfadhili kwa adabu mkamwambia mnachohitaji, kabla hajapakia. Mfadhili mzuri hukasirika zaidi akisikia vitabu vyake vimeliwa kuliko akiombwa vya Kiswahili.

Kuhusu tarehe ya kufungua: kama mmeziba, mmekwangua, na wiki mbili hakuna kijia kipya, fungueni. Kama vinarudi, anzeni kuazimishia kibarazani kwa meza mbili siku za Jumamosi huku kazi ikiendelea ndani.

Yako mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Gongeni kenchi na fremu kwa mpini wa nyundo. Zikilia tupu, msiingize watoto chumbani mpaka fundi wa halmashauri apande juu aangalie, kwa sababu mchwa anayekula kitabu cha chini huenda amekwisha kupanda mpaka kwenye paa. Mvua za kwanza zikianguka na kumbikumbi wakatokea ndani ya chumba, kwenye sakafu au ukutani, kundi liko chini yenu kabisa, na hapo mwiteni mtu wa dawa mwenye kibali. Mtu akianza kukohoa au kubanwa kifua wakati wa kusafisha kuvu, aache kazi na aende zahanati. Kwa mengine yote nendeni maktaba ya mkoa pale Dodoma mjini, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania; kushauri maktaba ndogo kama yenu ni sehemu ya kazi yao. Nendeni na picha za vijia, kitabu kimoja kilicholiwa kikiwa kwenye mfuko uliofungwa, na mchwa wachache ndani ya kichupa chenye spiriti. Hakikisheni mnawachukua na askari, wale wenye vichwa vikubwa na meno, kwa sababu kwa wafanyakazi peke yao ni vigumu kujua ni mchwa wa aina gani.